Hodi kwenye Nyumba Tupu

Mama Mwenyekiti alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba tupu. Sisemi nyumba ambazo wenyewe wametoka kidogo kwenda sokoni. Nasema nyumba zilizoanguka paa, nyumba ambazo hazijaezekwa bado, na hata chumba kimoja cha matofali kule Gahanga ambacho hakikuwa na mlango wa kubisha. Aligonga tofali kwa kifundo cha kidole mara tatu, akangoja. Kisha, na hili nimeliona kwa macho yangu si mara moja, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mwingine atoke, akaitikia kwa kichwa, ndipo akaingia.

Mimi ni fundi wa magari, karakana yangu iko Gikondo. Naamini nati na bolti. Gari likipiga kelele, kuna kitu kimelegea, hakuna shetani ndani ya injini. Kwa hiyo miaka yote kumi na mmoja niliyokuwa katibu wake nilijiambia kwamba mama huyu ana mazoea yake, na mazoea hayana dawa. Lakini ukweli lazima niuseme: alipokuwa akisogea pembeni, na mimi nilijikuta nasogea.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Haki na Amani ya parokia yetu. Kwa asiyeijua, hiyo ni kamati ya watu sita au saba wa kawaida wanaokwenda kwenye ugomvi wa waumini, na hata wa wasio waumini wakiitwa, kabla haujafika kwa wakubwa. Mipaka ya mashamba, wajane wanaofukuzwa na mashemeji, watu waliotoka gerezani wasiojua waanzie wapi kumsalimia jirani. Jina lake wengi walilijua ila hakuna aliyelitumia. Padri mwenyewe alimwita Mama Mwenyekiti, tena kwa sauti ya mtu anayeomba asiulizwe swali.

Mwili wake ulikuwa mdogo, na viatu vyake vyeusi viling'arishwa hadi unajiona. Kwake nyumbani hakuvivua. Lakini tukifika kwenye ardhi yenye ugomvi, alivivua mpakani, akavipanga vizuri vikitazama tulikotoka, akatembea peku kuzunguka mpaka wote, mvua au jua. Siku ya kwanza nilimuuliza kama vijiti havimchomi.

"Hapa chini iko watu," alinijibu. "Utamukanyaga mutu na kiatu?"

Kiswahili alikipata ujanani kwa mafundi cherehani Waislamu aliokuwa akishona nao. Kilikuwa Kiswahili cha gia mbili, lakini kilipanda mlima wowote. Aliongea nacho na mimi kwa sababu nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kinyarwanda changu hadi leo kinachekesha watoto wangu. Aliniambia Kiswahili changu ni kirefu mno, kinachosha, na kwamba mtu mwenye maneno mengi anaficha moja. Nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Namna alivyonifanya katibu ndiyo iliyonisumbua kwa miaka. Kwenye jumuiya yetu kulikuwa na walimu wawili na mtu mmoja aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote. Akawapita hao, akaja karakana. Nilikuwa chini ya pikapu, nikaona viatu vyeusi vimesimama karibu na kichwa changu.

"Fundi, toka huko chini. Unakuwa katibu."

"Mama, mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye matope."

"Sitaki mwandiko. Nataka wewe."

Vijana wangu wa karakana walicheka mpaka spana zikawaanguka. Padri naye alishangaa, ila hakuthubutu kuuliza. Nilikubali kwa sababu nilidhani ni heshima, na mimi napenda heshima kama mtu mwingine yeyote.

Kazi ya katibu ilikuwa daftari, na daftari lile lilikuwa na desturi yake. Kila ukurasa ulikuwa na pande mbili: kushoto waliopo, kulia wasiokuwepo. Wasiokuwepo si wale walioomba udhuru. Watu wakishakaa, kabla ya sala, kabla hata ya kuuliza ugomvi ni wa nini, Mama Mwenyekiti aliuliza swali moja kwa Kinyarwanda: "Ni nde udahari?" Nani hayupo? Halafu alinyamaza kwa muda wa Salamu Maria kumi, rozari ikipita vidoleni bila sauti. Hakuna binadamu anayeweza kuvumilia ukimya wa namna hiyo akiwa na jambo moyoni. Kabla ya shanga ya kumi, mtu mmoja hutaja jina. Jina hilo likiandikwa, kesi huwa imekwisha nusu.

Akiuliza, alikuwa akinitazama mimi. Niliona ni kawaida, maana mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Nikumbuke kesi ya Gahanga, ya ndugu wawili na kile chumba kisicho na mlango. Shamba la marehemu baba yao limezungukwa na nyumba mpya, kila mmoja anasema mwenzake amehamisha miyenzi, ile mimea ya maziwa tunayopanda mipakani. Tuliketi uani, sisi watano wa kamati na wao wawili. Swali likaulizwa. Kulikuwa na mbuzi amefungwa karibu, anatafuna maganda ya ndizi, na kwenye shanga ya nne au ya tano akaacha kutafuna. Akainua kichwa, akatazama mahali nyuma yangu. Nilihisi baridi shingoni, mchana wa jua kali.

Wakati huohuo mke wa yule mdogo akatoka jikoni na sinia la chai. Ameolewa pale juzi tu, haijui historia ya watu wale. Akagawa vikombe, akabaki na kimoja mkononi. Akatuhesabu kwa kidole. Akatuhesabu tena.

"Mnisamehe," akasema, "nilihesabu nane."

"Weka tu," Mama Mwenyekiti akamwambia, akamwonyesha nafasi tupu kwenye benchi.

Kaka mkubwa akafunika uso kwa mikono. "Dada yetu," akasema. "Tulikuwa watatu." Dada huyo aliolewa mbali, akafa, akaacha watoto huko Bugesera, na ndugu hao wawili walikuwa wanagombania sehemu iliyokuwa ya wale watoto. Wote wawili walihamisha miyenzi, kila mmoja kutoka upande wake, kumla dada aliye katikati. Waliligawa shamba upya siku ileile, mafungu matatu, na watoto walipata lao.

Nilirudi nyumbani na daftari, nikaona kosa. Jina la dada nililiandika kushoto, pamoja na waliopo. Sijui mkono ulikwendaje huko. Kesho yake nikampelekea Mama Mwenyekiti, kalamu tayari, nikitaka kufuta. Akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usifute. Umeandika vile mukono iliona."

Katika miaka kumi na mmoja sikuruhusiwa kufuta jina hata moja.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kuwekwa kwenye dirisha la kanisa. Alikuwa na pipi za tangawizi alizoficha mfukoni na hakumpa mtu. Alimdanganya daktari kuhusu chumvi. Alicheka mazishini, si kwa dharau, ila akikumbuka kituko cha marehemu hakuweza kujizuia, na watu wa kwaya walimkwepa wasije wakacheka naye. Redio ikitoa mchezo wa kuigiza, hata kama kuna mtu analia sebuleni kwake, aliinua kidole: ngoja kirogo, yule mwanamume karibu ashikwe.

La ajabu kuliko yote, aliyepatanisha nusu ya Gikondo alikuwa hasemi na dada yake wa tumbo moja, aliyeishi Kicukiro, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa cherehani ya mama yao. Nilimtania siku moja: mganga hajigangi, Mama. Alikasirika wiki nzima. Dada alipofariki tulikwenda wote. Alivua viatu langoni, akagonga mlango uliokuwa wazi, umejaa watu, mara tatu. Hakuna aliyetoka. Alisimama pale mpaka waombolezaji wakaanza kunong'ona.

"Huyu amekataa kunifungulia," akaniambia.

Cherehani ile aliletewa baada ya matanga. Aliiweka chumba cha nyuma, nayo ikawa inatumiwa na mwanamke mmoja wa makamo aliyeishi naye, mpole, mwenye kushona sare za watoto wa shule. Alitufungulia lango, alituletea chai, hakuketi nasi hata siku moja. Nilimchukulia kuwa ndugu yake wa mbali. Nilimsalimia, Mwiriwe dada, na yeye akaitikia akitazama chini. Sikuwahi kumuuliza jina. Kumbuka mimi ndiye katibu wa majina.

Sasa niseme la kwangu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Nyumba ninayoishi Gikondo aliipata baba tuliporudi kutoka Karagwe baada ya vita. Ilikuwa wazi, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Aliulizia wenyewe, akaambiwa hawapo. Neno hilo lilimtosha, na sisi likatutosha. Baadaye hati ya kiwanja ikatoka kwa jina lake, na leo iko kwa jina langu. Watoto wangu watatu wamezaliwa humo, mama yangu amefia humo. Sina nyumba nyingine.

Kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, mtu alikanyaga saruji ilipokuwa mbichi. Unyayo wa mtoto mdogo, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Pembeni, kwa herufi kubwa zilizopinda, pamechorwa kwa msumari: KAYITESI. Mama alitandika mkeka juu yake siku ya kwanza, na mpaka anakufa sikumwona akikanyaga pale. Aliruka.

Miaka michache baadaye alikuja msichana, amesimama nje ya lango, gauni lake limefuliwa vizuri. Akamwomba baba amruhusu aone mlango tu. Si kuingia, kuona mlango. Baba akamwambia, umepotea njia, mwanangu, hapa ni kwetu. Mimi nilikuwa uani, kijana mzima, spana mkononi. Msichana alitazama mkeka, akanitazama mimi. Nilijua ni nani. Ningeweza kuuvuta ule mkeka kwa mguu. Niliinamia injini.

Baba alipofariki niliweka vigae mbele yote. Vigae vizuri, na saruji nilichanganya mwenyewe. Baada ya mvua za kwanza, kigae cha kizingiti kikapasuka. Nikabadilisha. Kikapasuka. Nikamwita fundi wa vigae, akang'oa, akasawazisha, akaapa kwa Bikira Maria kwamba hakitatikisika. Kilidumu hadi mvua zilizofuata. Vingine vyote viko salama hadi leo. Mke wangu alisema ardhi inatitia, nikamwambia ndiyo, inatitia. Mimi ni fundi, na najua kitu kinachotitia kinavyokuwa.

Mama Mwenyekiti alikuja kwangu mara nyingi, na kila mara alipitia mlango wa jikoni. Mke wangu aliona haya, mgeni mkubwa vile kupita kwenye masufuria.

"Mama, mlango wa mbele uko wazi."

"Nimeona," alijibu.

Na viatu vyake viko wapi? Langoni, vimepangwa, vikitazama barabarani. Nilimwona akivivua siku ya kwanza kabisa, nikasema moyoni, labda miguu inamuuma. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada, hujisaidia mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, kamati ilipata mwenyekiti mpya na mimi nikaomba kupumzika. Mama Mwenyekiti alikuwa haoni tena, hatoki nje ya nyumba yake ndogo ya Gahanga. Akaniita. Alitaka asomewe madaftari yote kabla sijayakabidhi. Nilikwenda Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, ulipokwisha na barabara kufunguliwa, majembe bado yako mabegani mwa watu. Yule mwanamke mpole alinifungulia, akatuletea sinia, akarudi chumba cha nyuma kwenye cherehani yake. Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa dirishani, viatu vyeusi miguuni. Sinia lilikuwa na vikombe vinne. Nikadhani kuna wageni wanakuja.

"Soma upande wa kulia tu," akasema.

Nikasoma. Wanaume, wanawake, watoto ambao hawakupewa majina wakaandikwa "mtoto wa fulani". Kila jina aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia mbele ya nyumba tupu. Nilifika ukurasa wa mwisho, nikafunga.

"Ni nde udahari?"

"Nimemaliza, Mama."

"Nimeuliza."

Rozari ikaanza kupita vidoleni. Ndipo nikaona jambo ambalo mtoto angeliona siku ya kwanza. Chumba kile hakikuwa na ndugu wawili, wala mjane, wala shemeji. Tulikuwa mimi na yeye. Macho yake yaliyozimika yalinielekea palepale yalipokuwa yakinielekea miaka kumi na mmoja. Hakuwa akisubiri kalamu. Wale walimu wawili na yule karani aliwapita kwa sababu hawakuwa na la kujibu.

Niliogopa. Naliandika hivyohivyo, niliogopa kama mtoto. Niliona nyumba yangu, mke wangu akitoa vyombo nje, watoto wakiniuliza tunakwenda wapi. Shanga ya tano. Ya sita. Chumba cha nyuma cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Nje kuku wakanyamaza. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bati, na hayo nayo yakaacha.

"Kayitesi," nikasema.

"Andika."

Nikafungua, nikaandika upande wa kulia. Nilipoinua kichwa, yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, uzi bado uko shingoni, peku. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile mimi nikiwa na spana mkononi.

"Nilikwambia atasema," Mama Mwenyekiti akamwambia.

Hasira ikanipanda, kwa aibu tu. "Mama, haki gani hii inayongoja miaka kumi na mmoja? Kwa nini hukuniambia?"

Aliyejibu ni mwanamke. "Alitaka kukwambia mwaka wa kwanza. Mimi nilikataa. Kama ni karatasi, ningeweza kwenda kushitaki. Lakini nilitaka mutu mumoja aseme mwenyewe kama sisi tulikuwa pale. Baba yako alisema nimepotea njia." Akauvuta uzi shingoni. "Ya nyumba tutaongea. Leo hapana."

Nikasema nisamehe. Mwanamke akauliza, "Ule mguu wa kwenye saruji bado iko?"

"Upo. Niliuwekea vigae. Vinapasuka."

Mama Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye daftari bila kuliona. "Kayitesi iko hapa. Futa hapo."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Nifute?"

"Futa. Muweke ingine upande."

Nikafuta jina kwa mara ya kwanza katika madaftari yale, nikaliandika kushoto, chini ya langu. Kayitesi alikuja akainama kutazama, akalisoma polepole, mdomo ukitikisika.

"Ule mguu hapana yangu," akasema. "Iko ya mudogo wangu. Nilimushika mikono nikamukanyagisha, alikuwa anacheka. Nilitaka kuandika jina yake, lakini nilikuwa najua kuandika yangu tu."

Hakuna aliyeuliza mdogo wake yuko wapi. Mama Mwenyekiti alimgeukia yeye safari hii, na kwa sauti ndogo, ya kubembeleza, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamuuliza lile swali lake. Hakuhitaji shanga hata moja. Kayitesi akataja jina. Sitaliandika hapa, liko kwenye daftari.

"Niliandike upande gani?" nikauliza.

Mama Mwenyekiti alikuwa amegeuza uso kwenye mlango uliokuwa wazi. Akavuta miguu yake yenye viatu chini ya kiti, taratibu, kama mtu anayempisha mwingine aingie, akaitikia kwa kichwa. Kayitesi akamimina chai kwenye kikombe cha nne. Na mimi nikavuta miguu yangu.